Mume wangu alitaka kuvuka Marekani kwa baiskeli, mimi nikashika usukani: uzi kwa wanaobaki na roho juu

MamaKulwa:

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu habari za siku. Mimi humu ni msomaji wa kimya wa miaka mingi, kuandika huandika kwa nadra. Leo nafungua uzi kwa ajili ya dada mmoja aliyeuliza wiki iliyopita: mume wake anataka kufanya safari ndefu ya baiskeli msimu huu wa joto, wanaishi Marekani kama sisi, na yeye hajui amzuie au amuunge mkono. Alijibiwa haraka haraka. Wengine walimwambia amwache mwanaume apumzishe akili, wengine wakamwambia ajiandae kuwa mjane. Hakuna aliyemwambia kazi yenyewe ikoje.

Mwaka jana nilikaa kwenye usukani siku 44, kutoka Oregon mpaka Kansas, mume wangu akiwa juu ya baiskeli. Tulipigwa na mvua ya barafu, upepo, mvua ya mawe na joto la digrii 41. Nusura nimpoteze. Ninachotaka dada yule akijue ni hiki: anayeendesha gari la msaada lazima awe na kauli ya kusimamisha safari, na kauli hiyo aipate nyumbani, mezani, kabla jua halijamwingia mwenzake kichwani. Mimi niliipata. Siku iliyohitajika nikachelewa kuitumia.

Nitaandika vipande vipande maana mchana niko kazini.

Njia inaitwa TransAmerica. Iliandaliwa kwa ajili ya mwaka 1976, Marekani ilipotimiza miaka 200 ya uhuru wake, na chama kinachoitunza, Adventure Cycling Association, kina makao yake mjini Missoula, jimbo la Montana. Inaanzia Astoria, Oregon, pale mto Columbia unapoingia Pasifiki, inaishia Yorktown, Virginia, upande wa Atlantiki. Ni kama kilomita 6,800. Wengi huchukua miezi miwili na nusu hadi mitatu.

Baba Kulwa ni Msukuma wa Shinyanga. Kabla hajapata kazi yoyote ya maana alibeba abiria kwa Phoenix, zile baiskeli ambazo pale mjini watu waliziita daladala. Phoenix ile baba yake aliinunua kwa kuuza ng'ombe. Mzee alifariki miaka miwili kabla ya safari yetu, na Baba Kulwa hakuweza kwenda kuzika kwa sababu makaratasi yetu yalikuwa hayajakaa sawa. Alipotimiza miaka 50 akasema anataka kuvuka nchi hii kwa baiskeli, bahari hadi bahari. Hakumtaja mzee hata mara moja. Mimi nimelala naye kitanda kimoja miaka 21, sikuhitaji kuambiwa.

Nitarudi usiku.

Mnyonge wa Kahama:

Naweka kambi hapa. Shemeji umenikumbusha daladala za Shinyanga, nimepanda sana hizo nikiwa shule.

Bint Makorora:

Dada endelea, tunasubiri. Ila swali moja: ulikuwa unamfuata nyuma na taa za tahadhari, kama wanavyofanya kwenye mashindano?

MamaKulwa:

Bint Makorora, hapana, na naomba asiwepo anayejaribu. Kwenye mashindano barabara inafungwa. Kwenye barabara ya kawaida, gari linalotambaa nyuma ya baiskeli linawalazimisha wenye haraka kulipita bila kuona mbele, na wakilipita wanarudi upande wao palepale baiskeli ilipo. Unakuwa umemwekea mwenzako mtego badala ya kinga. Tulichofanya ni kurukiana. Yeye anatangulia alfajiri, mimi nakunja hema, naosha vyombo, nampita nikipiga honi mara moja tu ya salamu, nakwenda kumsubiri mbele. Siku ya kawaida nilimsubiri kila baada ya kilomita 30. Joto likipanda, kilomita 15. Likipanda zaidi, kilomita 10.

Kusubiri ndiyo kazi yenyewe, na haina sifa. Unakaa pembeni ya barabara, mlango wa nyuma umeinuliwa, umeshaandaa chupa mbili, kitambaa chenye maji, na kitu cha kutafuna. Unatazama kitone kwenye ramani ya simu. Yeye alibeba kifaa cha setilaiti kinachotuma alipo kila dakika 10, chenye kitufe cha kuita msaada. Wiki ya kwanza nilikitazama kile kitone mpaka macho yakauma. Baadaye tukaweka utaratibu: akichelewa saa nzima kupita tulivyopatana, ninageuza gari na kurudi, siulizi, sisubiri. Utaratibu ule ulinipa usingizi.

Mezani tulikaa mwezi Aprili, watoto wakiwa wamelala. Nilimwambia nitaacha kazi kwa likizo isiyo na malipo, nitaendesha, nitapika, nitafua, lakini nina sharti. Kuwe na neno moja. Mimi ni mtu wa Tanga, nikachagua "nanga". Nikisema nanga, anashuka kwenye baiskeli kwanza, mjadala baadaye, hata kama amebakiza mita 100 afike mjini. Akakubali, ila na yeye akataka lake: akiona mimi nasinzia kwenye usukani anayo haki ileile. Nikaona ni haki. Na alilitumia kabla yangu, huko Wyoming, nilipofika kituoni nikiwa nimeshasinzia mara mbili njiani na nikajifanya niko sawa. Alinitazama machoni akasema, "Mama Kulwa, nanga." Tukalala pale kwenye kivuli cha gari mpaka alasiri.

Dada uliyeuliza, anza na hilo neno. Baiskeli na mahema vinanunulika baadaye.

Mwana wa Busia:

Mama Kulwa pongezi. Mimi niko Minneapolis. Watu wengi hufikiri summer huku ni jua tupu. Tuambie hiyo mvua ya barafu mliipata wapi.

MamaKulwa:

Mwana wa Busia, swali zuri, kwa sababu hata sisi tulifungasha kama watu wanaokwenda kwenye joto tu.

Tulianza tarehe 5 Juni. Ndani ya Oregon kuna mlima unaoupita kwa barabara ya 242, McKenzie Pass, pamejaa mawe meusi ya volkano. Barabara ile hufungwa majira ya baridi na kufunguliwa kwa magari katikati ya Juni au baadaye, lakini mwenye baiskeli anaweza kupita geti kabla ya hapo theluji ikishasafishwa. Kwa hiyo Baba Kulwa akapita peke yake, mimi nikazunguka na gari kwa njia ya Santiam kwenda kumsubiri mji wa Sisters. Saa nne nzima sikuweza kumfikia hata kama angeanguka. Pale nilielewa kwamba gari si kila mahali linafika, na kwamba anapaswa kubeba mwenyewe koti la mvua, glavu, chakula na tyubu mbili hata siku ambazo niko karibu. Wanaume wakiona gari lipo huanza kuacha vitu ili baiskeli iwe nyepesi. Mkatalie.

Idaho ilinifundisha hilohilo kwa namna nyingine. Barabara ya 12 inafuata mto Lochsa, msitu pande zote, karibu kilomita 100 bila duka na bila mtandao wa simu. Pazuri kuliko nilivyowahi kuona, na nilipita nikiomba dua.

Baridi yenyewe ilitukuta Togwotee Pass, Wyoming, mita 2,944. Ilikuwa mwisho wa Juni. Asubuhi jua, saa 7 mchana mvua, saa 8 mvua ikageuka chembe za barafu. Kupanda hakukuwa na shida, mtu anapanda huku mwili unatengeneza joto lake. Hatari iko kwenye kushuka: jasho limelowesha nguo, miguu imepumzika, na upepo wa mwendo wa kilomita 50 kwa saa unakula joto lote. Nilimsubiri chini ya mteremko. Alipofika alisimama mbele yangu kama mtoto anayengoja kuvuliwa sare ya shule, kidevu kimeinuliwa, kwa sababu vidole vyake havikuweza kubana kibanio cha kofia. Nilikifungua mimi. Midomo ilikuwa ya kijivu na maneno yanatoka nusu nusu.

Nilimvua kila kitu kilicholowa, nguo za ndani pia, nikamtia kwenye mfuko wa kulalia ndani ya gari na chupa mbili za maji moto zimefungwa kwa taulo, moja kila kwapa. Uji wa ulezi wenye tangawizi nilikuwa nao kwenye chupa ya chai tangu alfajiri. Nilisubiri aweze kushika kikombe mwenyewe ndipo nikampa, maana mtu asiyeweza kushika kikombe anaweza kupaliwa. Tangu siku ile nguo kavu zilikaa kwenye mfuko wa plastiki mbele, kiti cha abiria, siyo chini ya masanduku.

Mnyonge wa Kahama:

Shemeji hapo kwenye kofia nimenyamaza. Chakula je? Mtu wa Shinyanga bila ugali anapandaje milima?

MamaKulwa:

Ugali alikula jioni, na dagaa niliobeba kutoka nyumbani. Njiani ugali ni mzito. Asubuhi uji, halafu ndizi, chapati za maji nimezikunja na siagi ya karanga, viazi vitamu vya kuchemsha na chumvi juu. Wali niliufinyanga vidonge vidogo, nikaweka chumvi na limau, nikafunga kwenye karatasi ya aluminiamu. Vile aliweza kula akiwa anaendesha.

Kuhusu kinywaji, wenzetu wanauziwa poda za bei. Mimi nilirudi kwenye mafunzo ya kliniki ya mama na mtoto: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta juu. Nikakamulia ndimu. Kwenye joto maji matupu pekee hayatoshi. Mtu anayetoka jasho saa 6 mfululizo na kunywa maji matupu tu, lita juu ya lita, anaweza kushusha chumvi ya damu mpaka akaugua vibaya, na dalili zake, kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, zinafanana na za kukosa maji. Ukimwongezea maji unamzidishia. Kwa hiyo nilifuatilia mambo mawili: rangi ya mkojo, ambayo nilimuuliza bila aibu kila kituo, na uzito wake asubuhi na jioni kwa mizani ndogo ya bafuni niliyoibeba kwenye gari. Akipungua sana, hakunywa vya kutosha. Akiongezeka, amekunywa kupita kiasi.

Michubuko ya kukalia tusiionee haya pia. Mafuta ya kuzuia michubuko kila asubuhi, kaptula inafuliwa kila siku na kuanikwa kwenye jua, na akifika tu anaivua, hakai nayo kupiga hadithi. Wengi wanaacha safari kwa kidonda cha makalio, si kwa mlima.

Mwana wa Busia:

Na radi? Huku kwetu king'ora kikilia watu wanakimbilia chini ya nyumba.

MamaKulwa:

Nakuja hapo.

Sehemu ya juu kabisa ya njia yote ni Hoosier Pass, Colorado, mita 3,518. Kwa waliopanda Kilimanjaro, ni chini kidogo tu ya Horombo. Mwezi wa Julai pale ngurumo huja karibu kila mchana, kwa hiyo tulipanga awe ameshashuka upande wa pili kabla ya saa 6. Alianza saa 10 na nusu usiku na taa. Saa 4 asubuhi tulikuwa tumepiga picha kwenye kibao na tunashuka. Saa 7 mlima ule ulikuwa mweusi.

Radi tuliihesabu hivi: ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Sekunde zikiwa chini ya 30, ingia ndani. Ukishasikia ngurumo ya mwisho, subiri dakika 30 kamili. Gari la bati lililofungwa vioo linakukinga, umeme unapita kwenye bodi kwenda ardhini. Mti haukukingi. Hema halikukingi.

Baada ya Pueblo milima inaisha ghafla, unabaki na tambarare mpaka upeo wa macho. Hapo, kabla ya mji wa Eads, simu yangu ililia ile sauti ya serikali ya dharura. Wenzetu wana maneno mawili na ni lazima uyatofautishe. Wakisema watch, hali inaruhusu dhoruba kutokea, kaa macho. Wakisema warning, imeonekana tayari, kwa macho au kwa rada, chukua hatua sasa hivi. Ilikuwa warning ya mvua ya mawe. Nikageuza gari. Nilimkuta anakanyaga kwa nguvu zote, nyuma yake wingu la rangi ya kijani, sijawahi kuona wingu la rangi ile. Tulilaza baiskeli mtaroni, tukaingia, tukajifunika blanketi vichwani. Mawe yalikuwa makubwa kama ndimu. Kioo cha mbele kilipasuka mara tatu kama mtandao wa buibui lakini hakikuanguka. Tulishikana mikono kama dakika 12, hatukusikiana hata tulipopiga kelele.

Kwa kimbunga cha tornado gari si kinga, linabebwa. Wala msijifiche chini ya daraja la barabara, upepo pale unabanwa na kuzidi nguvu. Kila mji mdogo tuliolala, kabla ya kushusha hema, niliuliza kwanza watu wa pale wanakimbilia wapi king'ora kikilia. Watu wa Kansas wanakujibu bila kushangaa, na mara nyingi wanakuonyesha na mlango wenyewe.

Na niseme hili, wale watu ni wakarimu. Miji mingi ya Kansas huwaruhusu wenye baiskeli kulala kwenye bustani ya mji na kuoga kwenye bwawa la kuogelea la umma. Baba Kulwa alipoona mashamba ya mtama alishuka akasimama katikati ya mistari, akashika suke. Kansas ndiyo inayoongoza Marekani kwa mtama, sikujua. Alipiga picha akaituma Shinyanga, wakacheka sana na dada zake.

Kipande kinachobaki ni kile kigumu. Nitakiandika kesho nikiwa nimetulia.

Bint Makorora:

Chukua muda wako dada.

MamaKulwa:

Siku ya 44, tarehe 18 Julai.

Tulilala Scott City. Barabara ni ya 96, inakwenda mashariki, miji midogo imepangana, na kila mji unauona kwa mbali kabla hujaufikia kwa sababu ya ghala refu la nafaka. Dighton ni kama kilomita 39, halafu Ness City kilomita 50 mbele. Utaratibu wetu kwenye joto ulikuwa kusimama saa 5 asubuhi, popote tulipo, na kutoendelea tena mpaka jua lilegee. Aliondoka saa 11 alfajiri. Kilomita chache kabla ya Dighton spoki mbili za gurudumu la nyuma zikakatika. Alizibadilisha mwenyewe lakini gurudumu lilikataa kunyooka, tukafika mjini na kumaliza shughuli ile saa 4 na robo.

Pale Dighton ndipo nilipokosea. Joto lilishafika digrii 36. Aliniambia, "Upepo uko nyuma, nitafika Ness City kabla hujamaliza kufunga vyombo." Nilifungua mdomo niseme nanga. Nikaona uso wake, alivyokuwa amepoteza asubuhi yote kwa spoki, nikaona nitamvunja moyo. Nikasema, "Haya, lakini nasimama kila kilomita 10."

Upepo wa nyuma kwenye joto ni mtego, na sikulijua hilo mpaka nilipolipitia. Upepo ukikusukuma kwa mwendo uleule unaokwenda, wewe unakaa kwenye hewa iliyosimama. Jasho halikauki. Mtu anahisi anapaa, miguu haiumi, na mwili unapikika taratibu. Upepo wa mbele unachosha, lakini unapuliza.

Kituo cha kwanza alikuwa vizuri. Nilimfunga shingoni soksi ya nailoni iliyojaa barafu, akanywa, akaondoka. Kituo cha pili hakutaka kula, akanijibu kwa mkato. Yeye si mtu wa kukata maneno, na nililiona, nikajiambia ni uchovu. Kituo cha tatu kilikuwa kilomita 32 toka Dighton, kipimajoto cha gari kinasoma digrii 41. Kila kituo nilikuwa na swali moja ninalomuuliza, "Umebakiza ngapi?", kwa sababu Baba Kulwa ni mtu wa hesabu, kilomita zilizobaki hukaa kichwani mwake kama namba yake ya simu.

Alishuka, akayumba, akashika tandiko. Nikamuuliza, "Umebakiza ngapi?"

Akasema, "Ngoja nimuulize baba."

Na akageuka kuangalia upande wa shamba.

Wakuu, alikuwa bado anatoka jasho. Naomba mlishike hilo, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba mtu aliyepigwa na joto ngozi yake hukauka. Anayefanya kazi nzito anaweza kulowa chapachapa na bado ubongo wake unaungua. Ishara ni akili. Akichanganyikiwa, usitafute ishara nyingine.

Nikasema nanga. Akanisukuma, akataka kupanda tena. Mume wangu hajawahi kunisukuma. Niliinyakua baiskeli nikaitupa majanini, nikamshika kiuno tukakaa chini wote wawili. Nikapiga 911, nikaweka simu kwenye sauti kubwa, nikawa nawajibu huku nachomoa turubai. Mwanaume mmoja wa pale, mtu mzima, amevaa ovaroli, alisimamisha gari lake la mizigo bila kuitwa. Tulimlaza Baba Kulwa katikati ya turubai, mimi nikashika kingo za upande mmoja na yule bwana upande mwingine, tukazinyanyua likawa kama mtumbwi. Tulimwaga deli zima la barafu na madumu yote mawili ya maji, lita 40. Kisha tukawa tunalitikisa, huku na huku, maji yampitie mwili mzima, kichwa kimeegemea goti langu nje ya maji. Mikono ilikufa ganzi. Yule bwana alikuwa anahesabu kwa sauti, sijui alikuwa anahesabu nini, lakini ilinisaidia.

Sijui ni dakika ngapi. Alianza kutetemeka. Akafumbua macho, akanitazama kama anayeamka nyumbani, akasema kwa sauti ndogo, "Kilomita 18."

Nililia pale, mbele ya mgeni yule, mpaka gari la wagonjwa likaja.

Nesi wa Muscat:

Dada pole sana, na Mungu ni mwema. Mimi ni muuguzi, niko Oman, wagonjwa wa joto nawaona kila kiangazi. Nataka kuwaambia wanaosoma: alichokifanya Mama Kulwa ndicho kinachotakiwa. Poza kwanza, safirisha baadaye. Joto la ndani likifika digrii 40 na zaidi huku mtu amechanganyikiwa, kila dakika inahesabika, na lengo ni liwe limeshuka ndani ya nusu saa. Maji ya barafu mwili mzima ndiyo yanayoshusha haraka. Kama huna, mwagia maji na upepee bila kuacha. Msimpe panadol, homa ya joto la jua si homa ya ugonjwa, haishuki kwa dawa ile na ini linaweza kuumia zaidi. Na asiye na akili timamu msimnyweshe kitu.

Hapa Oman sheria inakataza kazi za nje juani kuanzia saa 6 na nusu hadi saa 9 na nusu mchana, Juni mpaka Agosti. Ule utaratibu wenu wa kusimama saa 5 ulikuwa sahihi kabisa.

MamaKulwa:

Asante nesi. Natamani ningekuwa na wewe kwenye gari.

Hospitalini walimpima figo, ini na misuli, akalazwa siku mbili. Walimwambia asipande baiskeli kwa wiki moja angalau, arudi kidogo kidogo, na asiingie kwenye joto kali hivi karibuni kwa sababu mwili uliopigwa mara moja unaweza kupigwa tena kwa urahisi. Tulikuwa karibu nusu ya njia. Usiku wa pili, yeye kitandani na mimi kwenye kiti, nilijiandaa kubishana naye. Hakubisha. Aliuliza tu, "Mama Kulwa, pale Dighton ulitaka kusema?" Nikamwambia nilitaka. Akanyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Usinionee huruma tena." Tukapakia, tukarudi Ohio kwa siku mbili, baiskeli juu ya gari.

Ndugu zake walinipigia simu. Wengine walinishukuru, wengine waliuliza mwanamke gani anamwachia mume wake afanye hivyo. Nilijibu wote kwa adabu. Kilichonisumbua zaidi kilikuja mwezi wa Septemba, alipokwisha kupona. Nilikuwa nashtuka usiku nikimtafuta kwa mkono kitandani. Dada uliyeuliza, anayesaidia naye anahitaji wa kumsaidia. Nilikuwa na mdogo wangu aliyebaki na pacha wetu, kila jioni alinipigia na hakuniuliza habari za baiskeli hata siku moja, aliniuliza nimekula nini. Tafuta mtu kama huyo kabla hujaondoka.

Bint Makorora:

Dada nimelia. Je, akitaka kurudi barabarani, utakubali?

MamaKulwa:

Ameshataka, na nimeshakubali.

Daktari amempima mara mbili, amemruhusu. Anaanzia palepale kando ya lile shamba, kilomita 18 kabla ya Ness City, nilipatia alama kwenye ramani. Safari hii tunaanza katikati ya Mei ili Kansas yote iwe nyuma yetu kabla joto halijakomaa. Mei ni msimu wa tornado, nalijua hilo, kwa hiyo nimenunua redio ya hali ya hewa inayolia yenyewe hata mtandao ukikatika. Saa 5 haijadiliwi tena. Kipimajoto kikisoma digrii 35, hakuna kuondoka kituoni, hata upepo uwe wa wapi.

Tunaondoka nyumbani tarehe 12. Deli nimelinunua kubwa zaidi. Turubai nimelifua, nimelikunja, nimeliweka juu kabisa ya mizigo, hakuna kitu kinacholilalia.